Kope za Mtakatifu Yosefu

Alby, 12 Oktoba 1986

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na Gervas tu wazima. Mkweo bado yuko kwenye karakana ya treni, kila siku anarudi akinuka grisi na kulalamika juu ya baridi kana kwamba imeanza mwaka huu. Mama mpe shikamoo yake, nitamwandikia kivyake.

Baba, kuna jambo nimelikalia tangu Agosti. Niliacha ile kazi ya usafi kule Farsta. Sikufukuzwa. Nimepata kazi mjini Stockholm, kwenye jumba la makumbusho, ya kulinda vitu vya kale. Navaa sare ya buluu, nina kiti changu mwenyewe, na nina redio ndogo ya kuwaitia wenzangu mwizi akija, ingawa mwizi hajaja. Mpaka hapa najua unatabasamu.

Sasa lile lenyewe. Ukumbi ninaoulinda umejaa sanamu za dini ya Budha, kutoka Uchina, Japani na India. Siku ya kwanza nilipofungua mlango na kuzikuta kumi na saba zimekaa kimya, nilifanya ishara ya msalaba mara mbili, moja kwa ajili yangu na nyingine kwa ajili yako. Nilipomsimulia jirani yangu Damalie, yule muuguzi Mganda wa hospitali ya Flemingsberg, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Wewe Paska, sasa unaogopa mbao? Na baba yako si anachonga mbao?"

Maneno yake yakanikaa. Kesho yake nikaanza kuziangalia kama binti wa mchongaji. Mkubwa wao ni Budha wa mti, amesimama, ameinua mkono wa kulia, kiganja kimefunguliwa kwa watu. Maana ya mkono ule ni "usiogope". Ndewe za masikio yake zimenyooka karibu zifike mabegani. Alikuwa mtoto wa mfalme, akivaa hereni nzito za dhahabu, halafu akazivua akaondoka kwao kwenda kutafuta ukweli. Mchongaji hakuchonga hereni, baba. Kachonga matundu yaliyobaki. Nilikaa kwenye kiti changu nikayaangalia yale matundu hadi saa ya chakula.

Nimekwambia mwenyewe kwa sababu sitaki uambiwe na mtu mwingine. Najua wewe ni katekista, na amri ya kwanza najua nilifundishwa na nani. Nikaripie, lakini uniandikie.

Binti yako,
Paskalia


Parokia ya Nyamihanga, Sengerema
9 Novemba 1986

Kwako Paskalia binti Mashauri,

Milele amina. Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili nikiwa nimesimama na mara ya tatu nimekaa. Mama yako aliuliza kuna msiba gani. Nikamwambia bado sijajua.

Nimefundisha dini hapa miaka ishirini na sita. Kila aliyepata kipaimara katika parokia hii alisimama mbele yangu akaisema amri ya kwanza bila kumeza neno. Wewe uliisema ukiwa na miaka saba na huna meno ya mbele. Leo nasikia unashinda na sanamu kumi na saba za Budha, tena umepewa na redio ya kuzilinda. Sijui Padri Ignatius atasema nini. Sijamwambia.

Hata hivyo siwezi kukaripia jambo nisilolijua vizuri, kwa hiyo nijibu haya. Macho ya huyo mkubwa yamefumbuka kiasi gani? Usiniambie "kidogo". Niambie kama ni nusu au robo, na kama kope ya juu imechongwa nene au nyembamba. Anatazama wapi, usoni pako, miguuni pako, au hakutazami kabisa? Pembe za mdomo zimepanda au zimelala? Na watoto wakija hapo, huwa wanalia?

Nauliza ili nijue ukubwa wa hatari uliyomo.

Huku mvua za vuli zimekuja kwa wakati. Kazi yangu ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya kanisa jipya inakwenda vizuri kabisa. Itabarikiwa siku yake, Mei Mosi.

Ni mimi baba yako,
Mashauri


Alby, 3 Desemba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ndani ya tunnelbana, ile treni ya chini ya ardhi, nikapitiliza kituo changu na kingine cha mbele yake. Naona umenisimamisha ubaoni kama wale watoto wa kipaimara. Sawa, nimesimama.

Macho yamefumbuka robo. Nimepiga magoti ili nione vizuri. Magoti ya kuangalia, baba, si ya kusali, na mlinzi mwenzangu alidhani nimedondosha kifungo akapiga magoti na yeye tukatafuta wote. Kope ya juu ni nene, imeshuka kama ya mtu anayemsikiliza mtoto anayejieleza polepole. Ukisimama mbali, hakutazami. Ukisogea hatua mbili na kuinamisha kichwa, mnaonana. Pembe za mdomo zimepanda kidogo sana, unene wa kucha.

Watoto hawalii. Hilo ndilo linalonishangaza. Wanaingia wakisukumana, wanapiga kelele kwa lugha nne, lakini wakifika mbele yake wanashusha sauti bila kuambiwa. Nina kazi ya kuwaambia "usiguse". Sijawahi kuwa na kazi ya kuwaambia "nyamaza".

Kuna na wengine wawili niwataje, ili usiseme nimekuficha. Mmoja Wachina wanamwita Guanyin, maana yake ni yule anayesikia vilio vya dunia. Amekaa, mguu mmoja ameukunja, mwingine umening'inia chini. Bi Solveig, ambaye ndiye mkuu wa sanamu hizi, alinieleza kwamba mguu uliokunjwa unapumzika, na huu wa chini uko tayari kusimama mtu akiita. Yaani huruma yote wameiweka kwenye mguu mmoja. Nikamkumbuka Mama kwenye kigoda chake jikoni, mguu mmoja daima uko nje.

Wa pili amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Ni Budha huyo huyo zamani, alipojinyima chakula akidhani ndiyo njia. Baadaye aliona kuwa amekosea, akala wali wa maziwa. Nikamuuliza Bi Solveig kwa nini basi wamchonge akiwa kwenye kosa. Akasema, ili anayejifunza ajue kwamba hata mwalimu alikosea kabla ya kufundisha.

Baba, hapa hakuna anayezisujudia. Ni jumba la kuangalia tu, na Jumapili mimi na Gervas tunakwenda misa kama kawaida. Naomba usimwambie Padri Ignatius mpaka uwe umenielewa.

Binti yako,
Paskalia


Nyamihanga, 6 Januari 1987
Sikukuu ya Mamajusi

Paskalia,

Marahaba. Majibu yako nimeyapokea. Yako nusu nusu.

Umesema "kope nene". Nene kama nini? Mkato wa chini ya kope unaingia ndani au umepita juu juu? Mabega yameshuka au yamekazwa? Huyo wa mguu mmoja, goti la mguu uliokunjwa liko juu kuliko kiuno au sawasawa?

Halafu nataka kipimo. Unakumbuka jinsi tunavyopima: kutoka utosini hadi kidevuni ni uso mmoja, na mtu mzima aliyesimama ni nyuso saba, pengine saba na nusu. Huyo mkubwa wenu ni nyuso ngapi? Pima, usikisie. Na usijaze karatasi kwa habari za baridi, hiyo naisikia kwenye redio.

Katika watakatifu wote niliowachonga, sijawahi kuchonga kosa la mtu. Nimelifikiria hilo jambo tangu Noeli.

Kazi ya Yosefu inaendelea vizuri.

Baba yako,
Mashauri


Alby, 2 Februari 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulinikataza habari za baridi, kwa hiyo sisemi kwamba mwezi uliopita kope zangu mwenyewe ziliganda.

Nimepima. Kugusa ni marufuku, basi nilichukua uzi mwekundu wa kushonea, nikasimama hatua tatu mbali, nikafumba jicho moja na kuunyoosha uzi mbele ya uso wangu, kama ulivyokuwa ukifanya mbele ya gogo. Nikafunga fundo la utosini na fundo la kidevuni. Nilipofika uso wa nne, nikasikia mtu amekohoa nyuma yangu. Bi Solveig, na miwani yake shingoni.

Akaniuliza, "Paskalia, unafanya nini?"

Nilijua kazi imekwisha. Nikaona heri nife nikisema kweli. Nikamwambia baba yangu ni mchongaji wa watakatifu Tanzania, na ameniagiza nimpimie Budha kwa nyuso, kwa sababu yeye hawezi kukaripia kitu asichokijua kipimo chake. Kwa Kiswidi, baba, maneno hayo ni magumu zaidi. Bi Solveig alivuta kiti changu akakaa yeye. Akaniambia wachongaji wa kale wa huko Asia nao walipima mwili kwa uso, na vitabu vyao vimeandika hivyo hivyo. Kisha akanishikia ncha ya uzi. Mnapima sawa, baba, wewe na wao, na hamjawahi kuonana. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Ni nyuso saba kamili. Mabega yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Mkato wa chini ya kope unaingia ndani, kivuli kinakaa humo mchana kutwa. Goti la yule wa mguu uliokunjwa liko juu ya kiuno.

Wiki iliyofuata likaja darasa la watoto wa huku Alby, Waturuki, Wachile, Wafini, na Nakato, binti wa Damalie, mwenye miaka minane. Mwelekezaji wao alikuwa mgonjwa. Bi Solveig akanijia, "Waambie uliyoniambia mimi." Nikawakalisha chini, nikawaambia kwanza kila mtu ainue mkono kama yeye. Wakainua, wengine wakasema "polisi". Nikawaambia polisi anakaza vidole, tazameni vyake. Wakalegeza vidole. Nikawaonyesha masikio, nikauliza hereni zimekwenda wapi. Mmoja akasema zimeibiwa, mwingine akasema ameziuza. Nakato akasema kwa Kiswidi chake, maana kwa Kiswahili hanijibu siku hizi: "Amezivua mwenyewe. Zingeibiwa, uso wake ungekuwa umekasirika." Nikamuuliza, na macho je? Akafikiri, akasema, "Anasubiri tumalize kuongea."

Bi Solveig alikuwa mlangoni. Ijumaa akaniita ofisini. Wanataka mwelekezaji wa watoto wa shule, wa kuwafundisha sanamu hizi zinafundisha nini: kutoogopa, kutotamani, kuhurumia. Anataka niwe mimi, kuanzia Agosti. Nimpe jibu kabla ya mwisho wa Mei.

Naitaka kazi hii, baba. Sijawahi kuitaka kazi yoyote namna hii. Lakini kulinda ni kitu kimoja, na kufundisha ni kingine, na mimi ni mtoto wa katekista. Sitaifanya kwa kukuficha. Ukinipa ruhusa nitaingia. Ukikataa nitabaki kwenye kiti changu, na sitanuna.

Nasubiri neno lako.

Paskalia


Nyamihanga, 1 Machi 1987

Paskalia,

Barua imefika. Kwaresima inaanza Jumatano na nina watoto arobaini wa kuandaa, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Kiganja kilichofunguliwa: kina mistari, au ni laini? Kidole gumba kimejitenga na vingine au kimelala navyo? Na yule aliyekonda, je, uso wake nao una huzuni, au ni mwili tu uliokonda?

Nijibu kwa haraka kuliko kawaida.

Jambo la kazi tutalizungumza.

Mashauri


Alby, 25 Machi 1987

Mama yangu,

Shikamoo. Leo nakuandikia wewe peke yako, na ukimaliza kusoma tia barua motoni.

Baba ana nini na mimi? Nimemwomba ruhusa ya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kumwomba, kubwa hata kuliko la kuolewa, maana Gervas alimkubali ndani ya nusu saa. Amenijibu kwa kuniuliza habari za kidole gumba. Tangu Novemba ananihoji. Kila jibu ninalompa anataka jingine la ndani zaidi. Gervas anasema anaandaa mashtaka, kwamba siku moja atayapanga majibu yangu yote mbele ya Padri Ignatius na nitasomwa kanisani. Nilimwambia anyamaze, lakini nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Nimemjibu kuhusu kidole. Kimejitenga kidogo. Kiganja kina mistari mitatu. Yule aliyekonda uso wake umetulia, huzuni hana. Nimejibu, na nilikuwa nalia kwa hasira juu ya karatasi, akiona madoa usimwambie ni nini.

Mama, nimechoka kungoja. Kama baba angekuwa anakubali angekwisha kusema, unamjua. Sitaki kumlazimisha mtu aliyenifundisha kusali aseme "hapana" kwa maandishi. Wiki ya Pasaka nitamwambia Bi Solveig atafute mtu mwingine.

Mtoto wako,
Paska


Nyamihanga, Jumanne ya Wiki Kuu
14 Aprili 1987

Paska mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisomea kwenye banda la mbuzi ili baba yako asinione. Usicheke mwandiko wangu. Usimwambie huyo mama hapana. Kama umeshamwambia, rudi ukamwambie umeghairi, mwambie mama yako amekataza.

Nitakueleza ambacho baba yako amekuficha tangu mwaka jana. Mwezi Septemba alimaliza sanamu ya Yosefu. Wakaisimamisha kanisani watu waione. Mwanangu, ilikuwa imechongwa vizuri, lakini macho yale, kama ya bwana afya aliyekuja kukagua vyoo. Na kidole kimenyooshwa kwa watu. Watoto wa mafundisho walipoletwa, watatu walilia. Akeyo, yule binti wa mganga wa zahanati, aliingia chini ya benchi akasema, "Huyu mzee amejua nililamba sukari." Watu wakacheka. Baba yako hakucheka.

Padri Ignatius alimwambia kwa upole tu kwamba sanamu ikae stoo kwanza, na isipopatikana nyingine kabla ya Mei Mosi, wataagiza ya plasta kutoka Nairobi. Miaka thelathini anachonga, Paska. Alirudi nyumbani akaifunga tezo ndani ya gunia, na patasi zote, akazisukuma chini ya kitanda. Siku mbili hakula. Alinikataza nisikuandikie. Alisema mtoto yuko mbali, atahuzunika bure.

Ndipo ikaja barua yako ya masikio. Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu alikaa. Halafu akainuka akavuta gunia kutoka chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo hatumwoni. Barua zako amezipigilia ukutani kwa misumari ya viatu, juu ya gogo la mninga, anasoma mstari mmoja, anachonga, anarudi kusoma. Ile ya uzi mwekundu alinisomea mimi na mbuzi, akacheka peke yake. Maswali anayokuuliza hayaulizi kwa ajili ya Padri. Anauliza kwa ajili ya Yosefu.

Na yale madoa ya machozi aliyaona. Akaniuliza kama huko kwenu nyumba zinavuja.

Sasa kuhusu ruhusa yako sitakudanganya. Nilimuuliza mbona hamjibu mtoto. Akasema, "Nikimkatalia nimemvunja moyo. Nikimkubalia, Jumamosi nitawaambia nini watoto wangu wa mafundisho, kwamba binti wa katekista anafundisha Budha?" Basi hajui. Usiku na mchana hajui. Lakini hana hasira nawe hata chembe, na hilo ndilo nilitaka ulijue.

Barua hii usimwonyeshe Gervas, ataitangaza.

Mama yako,
Winifrida


Alby, 5 Mei 1987

Mama yangu,

Shikamoo. Gervas ameisoma, nisamehe, niliishika nikicheka na kulia akanipokonya. Amekwenda kumwambia Damalie, na Damalie amewaambia wauguzi wa zamu nzima. Sasa nusu ya Flemingsberg inamwombea Mtakatifu Yosefu wa Sengerema.

Nilikuwa nimeshamwambia Bi Solveig hapana. Leo nimekwenda kugonga mlango wake, nikamwambia mama yangu amekataza nisikatae. Aliniuliza kama mama yangu ndiye anayepima kwa uzi. Nikasema huyo ni baba, na yeye bado hajajibu. Akasema barua yangu ya kukataa ameiweka mahali hawezi kuipata mpaka mwisho wa mwezi.

Mama, kumbe muda wote huo nilikuwa nashika patasi bila kujua. Hata kama baba atakataa ile kazi, hili amenipa, na linanitosha. Hapana, nimesema uongo. Halinitoshi. Naitaka na ile kazi.

Sanamu imekuwaje? Mei Mosi imeshapita na mimi sijui kitu. Niandikie.

Paska


Nyamihanga, Jumapili 10 Mei 1987

Mwanangu Paskalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama yako amekiri kwamba alikuandikia kutoka banda la mbuzi. Nimemsamehe, kwa kuwa ameniondolea kazi ya kukiri mimi mwenyewe. Ni kweli nilikuficha. Mzee wa miaka sitini na tatu aliliza watoto kwa sanamu yake akaona aibu kumwambia mtoto wake.

Nikueleze ya Mei Mosi kwa utaratibu.

Yosefu nimemkalisha. Sanamu zangu zote zilikuwa zinasimama, hii nimeikalisha kwenye benchi la useremala, mguu mmoja umepumzika na mwingine uko chini tayari. Mabega nimeyashusha. Kope nilizichonga wiki tatu. Zilinitoa jasho, maana ukikosea mkato mmoja wa kope huwezi kuurudisha. Nilizisugua kwa majani ya msasa mpaka kivuli kikakaa ndani kama ulivyosema. Kidole cha kunyoosha sikukichonga. Mkono nimeufungua, una mistari mitatu. Na kwenye mkono wa kushoto, ukucha wa kidole gumba nimeuchonga umepasuka, kama wa fundi aliyejipiga nyundo. Hilo ndilo kosa lake. Nilifikiri sana kama ni halali kumpa mtakatifu kosa. Kisha nikaangalia kidole gumba changu mwenyewe.

Padri Ignatius alikuwa hajaiona. Nilimwomba asiione kabla ya watoto. Tulipoifunua, nilijibanza nyuma ya nguzo, hilo nalo sikufichi. Watoto wa mafundisho walikuja mbele wamejibanza, Akeyo wa mwisho. Hakuna aliyelia. Wakasogea. Ukisimama mbali Yosefu hakutazami, lakini wao ni wafupi, wakasogea na kuinua nyuso, wakaonana naye. Akeyo akashika kile kidole gumba, akawaambia wenzake, "Ameumia, na hajakasirika." Kisha akapanda akakaa kwenye goti lake, na misa ilikuwa haijaanza. Kamati ilitaka kumshusha. Padri Ignatius akasema aachwe.

Sanamu ya plasta haiagizwi.

Baada ya komunyo Padri aliniita mbele, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee Mashauri, katika umri huu, kitu kipya namna hii umefundishwa na nani?" Ningeweza kusema ni Roho Mtakatifu, na isingekuwa uongo wote. Lakini niliwatazama watoto wangu arobaini, nikasema ukweli. Nikasema kuna wachongaji wa mbali ambao jina la Yosefu hawakulijua, waliochonga namna ya kutoogopa, namna ya kuhurumia na namna ya kukosea, na mwanangu amekaa mbele ya kazi yao akanisomea neno kwa neno. Nikasema amri ya kwanza inatukataza kusujudu. Kujifunza haikutukataza. Nilijua kuanzia pale kwamba Jumamosi sina tena cha kuficha. Jumamosi ilipofika watoto waliniomba niwaeleze habari za hereni.

Sasa ombi lako. Nimelibeba tangu Februari. Nilikuwa nalitafutia jibu kama baba, nikashindwa. Nikalitafuta kama katekista, nikashindwa zaidi. Jana nilikuwa nasafisha tezo ndipo nikaona kwa nini nashindwa. Ruhusa nimewapa wanafunzi wengi maishani mwangu, lakini mwalimu wangu sijawahi kumpa ruhusa, wala sijui mtu anaitoaje.

Nenda kafundishe.

Mwanafunzi wako, na baba yako,
Mashauri